Ulizeni Nani Aliyewahamisha

Wanangu na wajukuu zangu,

Nimepata habari kwamba mmoja wenu sasa ni mtendaji wa kijiji, mwingine anasoma taarifa redioni, mwingine amepangiwa kituo cha mpakani Manyovu, na yule mdogo anakusanya nyaraka za kwenda kufanya kazi Muscat. Hongereni. Nawaandikia barua moja nyote kwa sababu kazi zenu zinakutana mahali pamoja, mbele ya mtu aliyetoka alikokuwa akaenda kwingine. Mtalazimika kumpa jina. Hapa mkoani kwetu Kigoma jina hilo lina uzito. Ndilo linaloamua kama atapelekwa kambini au ataachwa shambani kwake, kama mwanawe atapata kitambulisho cha taifa, kama atakaribishwa kiti ofisini au atapandishwa kwenye karandinga.

Neno la msingi mnalijua tangu utotoni: kuhama. Ni kuyaacha makazi. Nikisema jirani amehama, mmeelewa kwamba mlango wake umefungwa, lakini hamjajua yuko wapi. Nikisema amehamia Uvinza, mmejua aliko. Ndiyo maana ofisi inayoshughulika na watu wanaoingia nchini inaitwa Idara ya Uhamiaji, wala haiitwi ya Uhamaji. Uhamaji unatazama kule mtu anakotoka, uhamiaji unatazama kule anakofikia. Herufi moja tu, na magazeti yanaichanganya kila wiki. Hilo la herufi mtalizoea haraka. Linalonisumbua mimi ni lingine. Kitenzi hichohicho kinaweza kusema nani ameamua safari. Kuna aliyehama na kuna aliyehamishwa. Aliyehama alikaa na mkewe usiku, wakahesabu akiba, wakakubaliana. Aliyehamishwa aliambiwa. Mkiandika "walihama" kwa watu waliohamishwa, mmemfuta aliyewahamisha, na mtu aliyefutwa hawezi kudaiwa fidia wala kuulizwa swali.

Mimi nilikuwa kijana wakati wa operesheni za vijiji. Mkoa wetu ulikuwa na ya kwake, Operesheni Kigoma, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla mambo hayajaenea nchi nzima. Mwezi Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri. Hadi mwaka 1976 mamilioni ya Watanzania walikuwa wameondolewa kwenye miji yao ya asili wakapangwa kando ya barabara. Nia ya serikali naielewa na sijawahi kuibeza: shule, zahanati na bomba la maji havifiki kwa watu waliotawanyika, kila ukoo kwenye kilima chake. Shule niliyokuja kufundisha ilijengwa kwa sababu ya kijiji tulichohamishiwa. Lakini katika sehemu nyingi nyumba zilibomolewa au kuchomwa ili wenyewe wasirudi, na mazao yakaachwa yamesimama shambani. Leo mkisoma taarifa za zamani mtakuta maneno "wananchi walihamia vijijini". Waulizeni wazee waliobaki. Hakuna atakayewaambia "tulihamia". Watasema "tulihamishwa", na wengine watasema kwa ufupi zaidi, "tulisombwa".

Nendeni siku moja bondeni, kule ulikokuwa mji wa babu yenu. Kuna miembe imesimama kwa mstari mahali pasipo na nyumba. Chini yake kuna jiwe la kusagia, limechimbika katikati kwa miaka ya mikono ya bibi yenu, na mvua ikinyesha linakusanya maji. Michikichi miwili mitatu bado inazaa na hakuna anayejua ni ya nani. Mahali kama hapo Waswahili wanapaita mahame. Nataka mpaone kwa macho, kwa sababu anayeandika habari za kuhama bila kuwahi kuyaona mahame huwa anaandika upande mmoja wa safari tu, ule wa kufika.

Wewe wa redioni, jambo hili halijaisha na zama za Mwalimu. Tangu mwaka 2022 familia za Wamasai zimekuwa zikitoka Ngorongoro kwenda Msomera, wilayani Handeni. Serikali inasema wanahama kwa hiari, na wamejengewa nyumba na kupewa mashamba. Baadhi ya wenyeji na watetezi wa haki wanasema huduma za kijamii zilipunguzwa Ngorongoro ili watu wachoke waondoke. Ukumbuke pia kwamba baadhi ya wazee wao ni wale walioondolewa Serengeti mwishoni mwa miaka ya 1950, hifadhi ilipogawanywa, wakaahidiwa kwamba Ngorongoro wataishi na mifugo yao. Usichague kitenzi kabla hujazisikiliza pande zote. Ukiambiwa "kwa hiari", uliza: aliyekataa kuhama amebaki na nini? Jibu la swali hilo ndilo litakalokupa neno la kusoma hewani.

Tena msiwaite wafugaji "wahamahamaji" kwa mazoea. Kiswahili kikikariri kitenzi mara nyingi kinatia ladha ya kuzurura: kutangatanga, kuhangaikahangaika. Mfugaji anajua kisima kipi kina maji mwezi upi, na njia ya ng'ombe wake ni ya zamani kuliko ramani za wilaya. Nyumbu wa Serengeti, ambao ni zaidi ya milioni moja, nao wanazunguka hivyohivyo kufuata mvua na majani mabichi, wanavuka Mto Mara na kurudi kusini kuzaa. Watalii wanalipa kuwatazama na hakuna anayewaita wazururaji.

Sasa manamba. Vijana hamlijui tena neno hili isipokuwa kwa utani, na mimi sipendi utani wake. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza wakaichukua nchi, na mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro yakahitaji mikono. Wenyeji wa kule hawakuitaka kazi ile kwa ujira ule. Basi mawakala wakaja kwetu, kwa Waha, na kwa Warundi ng'ambo ya pili, na kusini kwa Wabena na Wangoni. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda hata chombo chao cha kuandikisha watu, kikiitwa SILABU. Kijana aliandikwa, akapewa namba, akapakiwa kwenye behewa. Kwa namba hiyo akaitwa manamba. Akifika alipewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na siku ambayo hakumaliza kiasi alichopangiwa haikuhesabiwa.

Mtu yule alihama au alihamishwa? Hakuna aliyemfunga kamba. Lakini serikali ya kikoloni ilidai kodi ya fedha mahali ambapo fedha haikupatikana, na mlango pekee wa kuipata ulikuwa kituo cha treni. Hapo kitenzi kimoja hakitoshi. Semeni yote mawili: aliondoka mwenyewe, kwa sababu ya kodi. Kusema sababu hakugharimu zaidi ya maneno manne, na maneno hayo manne ndiyo historia ya mkoa wetu. Ndugu zetu wengi hawakurudi. Nendeni Muheza au Korogwe leo mtakuta Waha wa kizazi cha tatu, ambao huku kwao hawajawahi kukutia mguu.

Nije kwa mkimbizi, maana Kigoma hatuwezi kuandika barua bila yeye. Neno lenyewe ni wazi: ni mtu anayekimbia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1951 ulimtazama mtu anayeogopa kuteswa kwa ajili ya rangi, dini, utaifa, kundi lake au siasa zake. Afrika ikaona hilo halitoshi. Mwaka 1969, mjini Addis Ababa, nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) zilipanua maana, zikamwingiza pia anayekimbia vita, uvamizi au machafuko makubwa nchini mwake. Hiyo ni hekima ya bara letu na nawaomba mjivunie. Mama aliyebeba mtoto usiku kwa sababu risasi zinalia hana haja ya kuthibitisha kwamba risasi ile ilimlenga yeye.

Mwaka 2015 niliwaona Warundi wakishushwa bandarini Kigoma. Walikuwa wamekimbilia Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya ziwa na mlima, ambacho wakati ule hakikuwa na barabara. Maelfu kwa maelfu walirundikana ufukweni pale, kipindupindu kikaingia, watu wakafa. Njia ya kuwatoa ilikuwa maji. Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikawa inasimama nje kidogo, watu wanapelekwa kwa mitumbwi, wanapandishwa mmojammoja, kisha inawaleta mjini. Walifikia kwenye uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika kabla ya kupakiwa kwenye mabasi ya kwenda Nyarugusu. Nilimwona baba mmoja ameshika ufunguo wa nyumba. Ameushika mkononi, hakuutia mfukoni. Mtu wa hivyo hajahama. Bado anaishi kwake. Amekimbia tu, na anataka kurudi. Wewe wa Manyovu, ukimwandika "mhamiaji" umemwambia mkubwa wako kwamba huyu amekuja kutafuta maisha, na kutafuta maisha bila kibali ni kosa la kisheria. Umemtia hatiani kwa kalamu.

Lakini neno hilohilo mkimbizi linaweza kudhulumu upande wa pili. Waliovuka mwaka 1972, Burundi ilipoungua kwa mauaji, walipelekwa Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo. Tanzania haikuwafungia kambini wakisubiri mgao. Iliwapa ardhi na majembe. Wakafyeka pori, wakalima mahindi na tumbaku, baada ya miaka michache wakawa wanauza chakula. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alipewa Nishani ya Nansen kwa namna nchi hii ilivyowapokea wakimbizi, na aliistahili. Hata hivyo mtoto aliyezaliwa Katumba mwaka 1980 aliitwa mkimbizi. Akaanza shule ni mkimbizi, akaoa ni mkimbizi, akazaa watoto nao wakaitwa wakimbizi. Huyu alikimbia nini? Alihitaji kibali kutoka nje ya makazi kwenda kumtembelea shangazi yake. Uraia ulikuja kuwafikia mikononi mwaka 2014, watu zaidi ya 160,000, jambo ambalo nchi chache duniani zimewahi kulifanya kwa mkupuo mmoja. Tuliosikia tulifurahi. Kisha watu wakabuni "raia wapya". Miaka mingapi mtu anakuwa mpya? Wewe mtendaji, usiliandike kwenye rejista yako. Sheria ina raia.

Na kurudi nako kuna vitenzi vyake. Desemba 1996 serikali ilitangaza kwamba Wanyarwanda waliokuwa Ngara na Karagwe wanatakiwa wawe wamerejea kwao kabla ya mwaka kwisha. Wengi walivuka daraja la Rusumo kwa miguu. Wengine walitoka kambini wakaelekea upande mwingine, ndani ya Tanzania, askari wakawageuza. Taarifa zikasema wakimbizi wanarejea. Waliogeuzwa njiani walirejeshwa. Irabu na konsonanti chache tu, lakini mtu mwenye kumbukumbu ya siku ile anazisikia.

Linaloniuma kuliko yote ni "wahamiaji haramu". Kila mara mnasikia: wahamiaji haramu wamekamatwa, wahamiaji haramu wamefichwa chini ya magunia. Kiswahili chetu kimeweka haramu kwenye vitu na matendo. Nyama ya nguruwe kwa Mwislamu, mali ya wizi, gongo. Tulipomwekea binadamu, tulisema mwanaharamu, na hakuna mzazi mwenye haya anayemwita mtoto hivyo, kwa kuwa kosa halikuwa la mtoto. Juni 2012, mkoani Dodoma, zaidi ya Waethiopia 40 walikutwa wamekufa. Walikuwa wamefungiwa kwenye lori, safari ya kwenda kusini, hewa ikawaishia. Taarifa nyingi ziliwaita wahamiaji haramu hata walipokuwa maiti. Wala Tanzania hawakuwa wamehamia, walikuwa wanapita. Aliyetenda haramu alikuwa yule aliyepokea fedha zao akaufunga mlango kwa nje. Sema "walioingia bila kibali". Ni kweli, ni ya kisheria, na inamwachia mtu utu wake. Mhariri wako akiuliza, mwambie kosa lenyewe ndilo hilo, kuingia bila kibali.

Mwaka 2013, katika operesheni ya kuwaondoa wasio na vibali mikoa ya Kagera, Geita na kwetu, jina hilo la wahamiaji haramu lilibeba watu wa kila namna kama mafuriko yanavyobeba kuni na mabati pamoja. Alikuwamo aliyeingia mwezi uliopita na bunduki, akawamo bibi aliyeolewa hapa kabla ya Uhuru. Kwetu Kiha na Kirundi vinasikilizana; huwezi kumtambua mtu kwa lafudhi, na waliojaribu walikosea. Familia zilikatika katikati.

Kwa watu kama bibi yule, Idara ya Uhamiaji ina neno lingine, walowezi. Kulowea ni kufika ugenini ukakaa moja kwa moja. Ni neno la haki kabisa likitumika kwa maana hiyo. Ila mjue masikio ya watu yamejaa nini. Kwa Mkenya mzee, mlowezi ni mzungu wa Nyanda za Juu aliyechukua ardhi kwa nguvu ya sheria ya ukoloni. Mwenye ekari maelfu na mwanamke mwenye kiraka cha mihogo Kibondo wamepewa jina moja. Mkilitumia, ongezeni sentensi moja ya kumweleza mtu mnayemsema, maana msikilizaji wa Nakuru atawaza jingine kabisa.

Mengine nayapitia haraka. Kugura ni kuhama pia, na Wakenya wanalitumia sana siku hizi kwa wanasiasa wanaogura vyama. Kuhamisha data na kuhama mtandao wa simu ni matumizi mazuri, hayamdhuru mtu. Kuhajiri limetoka katika dini, na lina heshima yake: Waislamu wanahesabu miaka yao tangu Mtume alipohama Makka kwenda Madina mwaka 622, na kabla ya hapo wafuasi wake walipewa hifadhi Uhabeshi na mfalme Mkristo. Waliohama waliitwa Muhajirina na waliowapokea wakaitwa Ansari, wasaidizi. Nayapenda majina hayo yakitajwa pamoja. Anayepokea naye anapata jina lake, naye anahukumiwa kwa namna alivyopokea.

Mjukuu wangu wa Muscat, wewe ndiye unayenitia wasiwasi kwa sasa. Utakuta huko watu wanaozungumza Kiswahili kitamu kuliko chako, wazee wao walitoka Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964. Mmoja atakwambia walihama, wa pili walikimbia, wa tatu walifukuzwa. Wasikilize wote, usimsahihishe yeyote, kila nyumba ilitoka kwa mlango wake. Ila kwako wewe nina jambo la karibu zaidi. Kusafiri ni tofauti na kusafirishwa. Wakala anapokwambia atagharamia kila kitu, atashika pasi yako "kwa usalama", na visa ni ya matembezi lakini utafanya kazi, hapo hujasafiri. Umesafirishwa, na nchi hii ina sheria ya mwaka 2008 dhidi ya biashara hiyo. Mkataba usome mwenyewe, uwe kwa lugha unayoielewa, utaje mshahara, saa za kazi na siku ya kupumzika. Jina la kafili wako, yaani mwajiri anayekudhamini, na anwani yake, tuachie sisi nakala. Namba ya ubalozi iweke kichwani, simu inaweza kuchukuliwa.

Na wewe mtendaji, kesho au keshokutwa atakuja mama anataka barua ya utambulisho ili akaombe kitambulisho cha taifa. Jina lake litakuwa la kule na la huku, kama majina yetu sote. Usianze kwa kumuuliza "wewe ni mhamiaji?" Muulize alizaliwa wapi, wazazi wake walifika lini, wakitoka wapi na kwa sababu gani, na nani hapa kijijini anawakumbuka. Mwite balozi wa mtaa wake na wazee wawili wasio na ugomvi wa shamba naye, hilo la ugomvi wa shamba lichunguze vizuri. Andika waliyosema kama walivyosema: walikimbia, waliletwa kukata mkonge wakaishia hapa, aliolewa, alizaliwa. Usitie neno ambalo hakuna aliyelisema. Msomee barua yote kabla hujaweka sahihi, akubali au akatae. Kisha piga muhuri umpe siku hiyohiyo, maana nauli ya kwenda wilayani ameshaikopa.